Mafuta ya Samaki na Jeni Zako: Jinsi ya Kupima Kama Mwili Wako Unayaitikia

Kuanzia Mkomani hadi Malindi mjini, swali ni moja: mbona mafuta ya samaki humfaa huyu na yule hayamfai? Mtu amekunywa mafuta ya samaki miezi mitatu, akaenda kupima damu, akakuta trigliseridi (aina ya mafuta yanayozunguka kwenye damu) hazikusogea. Jirani yake kanunua kopo lile lile kwenye duka lile lile, na zake zimeshuka. Wa tatu LDL yake, ile iitwayo kolesteroli mbaya, imepanda, na sasa ana hofu.

Miili haiyaitikii mafuta haya sawasawa, na sehemu ya tofauti hiyo hutoka kwenye jeni, yaani vipande vya urithi tunavyopewa na wazazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval huko Québec waliwapa watu wapatao 200 gramu 5 za mafuta ya samaki kila siku kwa wiki 6. Kwa zaidi ya robo yao trigliseridi hazikushuka, ingawa dozi ilikuwa moja kwa wote.

Hata hivyo, wengi wanaoniambia kwamba jeni zao zinakataa mafuta hawana ushahidi. Hawakupima kabla ya kuanza, au walikunywa dozi ndogo mno, au chakula kilibadilika katikati. Jeni hulaumiwa mwisho, baada ya sababu nyingine zote kuondolewa. Hatua za hapa zimefuata mpango huo. Ukiruka moja, zinazofuata hazitakupa jibu la kuaminika.

## Wasiofaa kuanza bila daktari

Usianze peke yako ikiwa unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ikiwa umewahi kuambiwa moyo wako unapiga bila mpangilio, ikiwa una mimba, au ikiwa unangoja upasuaji. Majaribio makubwa ya dawa yameonyesha kwamba dozi za zaidi ya gramu 1 kwa siku ya omega-3 (asidi za mafuta zinazotafutwa ndani ya mafuta ya samaki) huongeza uwezekano wa moyo kupoteza mpangilio wa mapigo. Hatari hiyo kwa mtu mzima mwenye afya ni ndogo, lakini ipo.

Watoto nao waachwe nje kabisa.

Ikiwa trigliseridi zako ni 5.6 mmol/L au zaidi, huna muda wa majaribio. Nenda kwa daktari wiki hii, kwa sababu kiwango hicho kikipanda zaidi kinaweza kuleta uvimbe wa kongosho, na huo ni wa kulazwa.

Kwa wengine wote: mwonyeshe daktari au afisa wa afya mpango wako kabla ya kumeza kapsuli ya kwanza. Ni mazungumzo ya dakika chache, nayo yanatosha kugundua dawa unayotumia ambayo hukujua kwamba inahusika.

## Vitu vya kutayarisha

- Daftari moja la jaribio hili tu.
- Pesa za kupima mafuta ya damu mara nne kwa uchache, mbili kabla na mbili baada. Kila mara hupimwa jumla ya kolesteroli, LDL, HDL (kolesteroli nzuri) na trigliseridi. Ukitaka kufanya Hatua ya 8, weka akiba ya mara ya tano.
- Kipimo kimoja cha sukari ya damu.
- Kapsuli za mafuta ya samaki za kutosha wiki 12, zote za aina moja na toleo moja la kiwandani ukiweza.
- Mizani, na futi ya fundi cherehani ya kupimia kiuno.
- Mahali pa baridi na giza pa kuwekea kopo. Friji ikiwepo ni bora.
- Mtu mmoja wa nyumbani atakayekukumbusha, hasa yule anayepika.

Kipimo cha DNA hakimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Wengi hukinunua kwanza, kisha wakabaki na karatasi ya herufi wasiyoweza kuitumia kwa lolote.

## Hatua ya 1: Uliza ukoo wako

Kaa na mzazi, shangazi, au mjomba anayekumbuka mambo ya familia. Uliza nani alipata mshtuko wa moyo mapema: mwanamume kabla ya miaka 55, mwanamke kabla ya 65. Uliza nani aliugua kongosho, na nani alikuwa na vinundu vigumu vya njano kwenye kano za kisigino au vidole.

Sababu: kuna maradhi ya kurithi ambayo hupandisha kolesteroli au trigliseridi kupita kiasi tangu utotoni. Mwenye maradhi hayo anahitaji dawa maalumu, na kopo la mafuta ya samaki litampotezea muda. Tena kama wazazi wako ni binamu, jambo la kawaida kwetu, waeleze madaktari hivyo bila haya. Baadhi ya maradhi haya hujitokeza mtu anaporithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili, na wazazi wa damu moja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba nakala inayofanana.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye watu wa vizazi vitatu, umri wao na maradhi yao.

## Hatua ya 2: Chagua msimu mmoja

Hapa ndipo majaribio mengi ya pwani yanapoharibika, na vitabu vya ng'ambo havisemi lolote kuhusu jambo hili.

Wakati wa kaskazi bahari ni tulivu zaidi, mashua zinatoka, jodari na vibua wanafika sokoni. Kusi likivuma kwa nguvu, wavuvi wengi hawatoki nje ya mwamba, na nyumba zinarudi kwenye maharagwe, nyama na mayai. Ukipima damu mwezi wa Februari, kisha ukapima tena Juni, umelinganisha watu wawili tofauti kwa chakula. Tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya upepo, isiwe ya kapsuli wala ya jeni.

Basi panga wiki 12 zako zikae ndani ya msimu mmoja. Kama huna budi kuvuka, amua tangu mwanzo utakula samaki mara ngapi kwa wiki, na ushike hesabu hiyo hata samaki akiwa ghali.

Onyo: usiweke kipimo kimoja ndani ya Ramadhani na kingine nje yake. Futari na daku hubadilisha saa za kula, wingi wa sukari na vyakula vya kukaanga, na trigliseridi hufuata. Vivyo hivyo msimu wa harusi: wiki moja ya pilau, halua na soda inatosha kuharibu hesabu ya miezi mitatu.

## Hatua ya 3: Pima damu mara mbili kabla ya kuanza

Nenda maabara asubuhi, bila kula wala kunywa kitu isipokuwa maji kwa saa 10 hadi 12. Chai ya maziwa yenye sukari inavunja kipimo hiki. Rudia baada ya wiki moja, maabara ile ile, saa ile ile.

Sababu ya mara mbili: trigliseridi za mtu mmoja hupanda na kushuka zenyewe kwa karibu asilimia 20 bila sababu inayoonekana. Aliyepima mara moja akapata 2.4, baadaye akapata 2.0, hajui kama ameshuka au ni siku tu. Wastani wa vipimo viwili unapunguza utata huo.

Chukua pia kipimo cha sukari, uzito na mzunguko wa kiuno. Ugonjwa wa sukari usiodhibitiwa hupandisha trigliseridi kwa nguvu kuliko jeni nyingi zinavyoweza. Dawa nazo: za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Ziandike zote.

Sasa tazama wastani wako:

- Chini ya 1.7: uko kawaida. Huna mengi ya kushusha. Mafuta ya samaki yakikosa kusogeza 0.9, hayajashindwa, na jeni zako hazina hatia. Jaribio hili halitakufaa.
- 1.7 hadi 2.2: juu kidogo. Unaweza kuendelea, lakini mabadiliko yatakuwa madogo.
- 2.3 hadi 5.5: hapa ndipo jaribio linapoleta jibu la wazi, ukiwa na daktari anayekufuatilia.

Umefaulu ukiwa na wastani mmoja wa trigliseridi na mmoja wa LDL, zimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na tarehe.

## Hatua ya 4: Soma kopo kwa makini kabla hujalipa

Kopo limeandikwa kwa herufi kubwa "1000 mg". Wanunuzi wengi wanadhani hiyo ndiyo omega-3. Hiyo ni uzito wa mafuta yote ndani ya kapsuli. Geuza kopo, tafuta maandishi madogo ya nyuma, na usome mistari miwili tu: EPA na DHA. Hizo ndizo asidi za mafuta zinazofanya kazi.

Kapsuli ya kawaida ya miligramu 1000 ina EPA 180 na DHA 120. Jumla ni 300. Zilizobaki 700 ni mafuta mengine.

Kushusha trigliseridi kwa kiasi kinachoonekana kwenye kipimo kunahitaji gramu kadhaa. Madaktari hutumia gramu 2 hadi 4 za EPA na DHA kwa siku. Katika jaribio hili tunalenga gramu 2. Piga hesabu: miligramu 2000 gawanya kwa 300, unapata karibu kapsuli 7 kwa siku. Mtu anayemeza moja asubuhi, akingoja miezi mitatu, amepata sehemu moja kati ya saba. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mafuta "kukataa", nayo haina uhusiano wowote na urithi.

Kapsuli za mafuta yaliyokolezwa zina miligramu 500 au 600 za EPA na DHA. Tatu au nne zinatosha. Bei ya kopo ni kubwa zaidi, lakini gawanya bei kwa gramu za EPA na DHA, usigawanye kwa idadi ya kapsuli, ndipo utajua lipi rahisi.

Maonyo matatu.

La kwanza, usitumie mafuta ya ini la chewa (cod liver oil) kufikia gramu 2. Ini hubeba vitamini A nyingi, na kikomo cha mtu mzima ni mikrogramu 3000 kwa siku. Ukizidisha vijiko ili upate omega-3 ya kutosha, utazidisha na vitamini A, ambayo hudhuru ini lako na huharibu mtoto tumboni.

La pili, sifa ya papa, yaani mafuta yake yanayopakwa mbao za mashua, si ya kunywa. Wapo wazee wanaoisifu kwa kifua na viungo. Imetoka kwenye ini, imepikwa bila usafi wowote, haina kipimo, na papa hukusanya zebaki mwilini.

La tatu, mafuta haya huvunda, na joto letu huyavundisha haraka. Kata kapsuli moja kwa mkasi, tonesha mafuta kwenye kisahani cheupe. Yakiwa mazima yana rangi ya manjano iliyong'aa na harufu nyepesi ya samaki. Yakinuka kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango, au yakichoma kooni yakiacha uchungu, kopo hilo limeharibika, lirudishe dukani. Usinunue kopo lililokaa dirishani likipigwa na jua.

Umefaulu ukijua kwa hakika idadi ya kapsuli zako kwa siku, na jumla ya miligramu za EPA na DHA ndani yake.

## Hatua ya 5: Kunywa wiki 12, na mengine yote yabaki yalivyo

Meza kapsuli wakati wa mlo wenye mafuta, kwa kuwa omega-3 hufyonzwa vizuri ikiandamana na chakula. Gawa mara mbili, mchana na usiku. Harufu ya samaki inayorudi kooni hupungua ukigandisha kapsuli kwenye friza kabla ya kumeza.

Wakati huu usianze mambo mengine mapya. Ukianza kutembea ufukweni kila jioni, ukaacha soda na ukapungua kilo 4, trigliseridi zitashuka, na hutajua nani wa kushukuru. Najua inaudhi kumwambia mtu asianze tabia njema. Kama unataka kuacha sukari, na ninakuombea uiache, iache mwezi mmoja kabla ya Hatua ya 3, mwili utulie, kisha upime.

Hili linahusu hasa: sukari kwenye chai, kaimati na mahamri ya kila siku, juisi za dukani, na mnazi kwa wanaokunywa. Hivi vinapandisha trigliseridi kwa njia ya moja kwa moja, kwa sababu ini hugeuza sukari na pombe iliyozidi kuwa mafuta.

Samaki nao wanahesabiwa. Milo miwili ya samaki mwenye mafuta mengi kwa wiki hukupa wastani wa miligramu 250 hadi 500 za EPA na DHA kwa siku. Vibua, jodari na dagaa wako upande huo. Changu, tafi na tewa ni chakula kizuri, ila mafuta yao ni machache. Andika ulichokula na jinsi kilivyopikwa, kwa sababu samaki wa kukaangwa mpaka akakauka amebadilishana mafuta yake na yale ya karai.

Na nazi: usiongeze wala usipunguze. Tui zito lina mafuta yanayopandisha LDL, na LDL ni moja ya majibu tunayoyangoja.

Umefaulu ukiwa umekosa siku chache sana ndani ya wiki 12, na uzito wako mwishoni umetofautiana na wa mwanzo kwa kilo moja au mbili tu.

## Hatua ya 6: Pima tena, mara mbili

Maabara ile ile, kufunga kule kule, wiki moja kati ya kipimo na kipimo. Chukua wastani.

Ukiwa na uwezo wa kupata kipimo cha omega-3 ndani ya chembe nyekundu za damu, hapa ndipo pa kukitumia. Kinaonyesha asilimia ya EPA na DHA kwenye ngozi ya chembe hizo. Chini ya 4 ni upungufu, 8 na zaidi ni kiwango kizuri. Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, kwa hiyo kipimo hiki kinabeba kumbukumbu ya miezi mitatu na zaidi, wala hakidanganywi na mlo wa jana.

Faida yake ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Kuna mtu ambaye mafuta hayakufika mwilini: hakumeza vya kutosha, au hayakufyonzwa. Na kuna ambaye yamefika, asilimia imepanda, na bado trigliseridi hazikusogea. Huyu wa pili ndiye tunayeweza kuanza kuzungumza naye habari za jeni.

## Hatua ya 7: Soma matokeo

Fanya hesabu moja. Toa wastani wa baada kwenye wastani wa kabla, gawanya kwa wastani wa kabla, zidisha kwa 100.

Tuseme kabla ulipata 2.4 na 2.8, wastani 2.6. Baada ya wiki 12 ulipata 1.9 na 2.0, wastani 1.95. Tofauti ni 0.65. Gawanya kwa 2.6: umeshuka asilimia 25.

Trigliseridi zimeshuka asilimia 20 au zaidi, LDL imebaki. Mwili wako umeitikia. Peleka karatasi kwa daktari mzungumze dozi ya kuendelea nayo.

Zimeshuka chini ya asilimia 20, au hazikusogea. Rudi kwenye daftari kwanza. Je, dozi ilifika gramu 2? Siku ngapi zilikosekana? Uzito umepanda? Mafuta yalikuwa mazima? Kama majibu yote ni safi, basi huenda wewe ni katika wale wasioitikia. Kuongeza kapsuli hadi 15 kwa hasira hakufai.

Trigliseridi zimeshuka, LDL imepanda zaidi ya asilimia 10. Kwa mfano LDL imetoka 3.2 ikafika 3.8. Jambo hili lina maelezo. DHA ndiyo inayoelekea kupandisha LDL. EPA haina tabia hiyo. Na katika baadhi ya tafiti, wabebaji wa toleo la ε4 (epsiloni 4) la jeni iitwayo APOE walipanda LDL walipopewa DHA nyingi, ingawa tafiti nyingine hazikuliona hilo. Muulize daktari kuhusu mafuta yenye EPA nyingi na DHA kidogo, kisha upime upya. Usiibeze LDL iliyopanda kwa kufurahia trigliseridi zilizoshuka. Mishipa ya moyo inaijali sana LDL.

Trigliseridi zimepanda. Acha kapsuli. Pima sukari tena siku hizo hizo, kwa sababu ugonjwa wa sukari unaoanza hujionyesha hivi. Kama sukari ni salama, kumbuka kwamba hali hii imeonekana pia kwenye utafiti mkubwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha uchambuzi wa zaidi ya watu 70,000 kutoka hazina ya data ya Uingereza iitwayo UK Biobank. Walikuta mahali pamoja karibu na jeni ya GJB2 panapotenganisha watu: wenye herufi za DNA AG (moja ya mzazi huyu, moja ya yule) waliotumia mafuta ya samaki walikuwa na trigliseridi za chini, na wenye AA waliotumia mafuta hayo walikuwa nazo juu kidogo.

## Hatua ya 8: Acha, kisha pima mara ya tatu

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, nami naithamini kuliko kipimo chochote cha DNA cha mate.

Acha kapsuli kwa wiki 8 hadi 12, mengine yote yakibaki vile vile. Pima tena. Kama trigliseridi zilishuka ukinywa, zikapanda ulipoacha, una ushahidi mzuri kwamba ni mafuta yaliyofanya kazi. Kama zilishuka na zikabaki chini hata baada ya kuacha, kitu kingine ndicho kilichozishusha. Tafuta ni kipi, kwa maana huenda hakina gharama.

Onyo: aliyeandikiwa mafuta haya na daktari kama dawa asiyaache kwa ajili ya jaribio.

## Hatua ya 9: DNA, kama bado unaihitaji

Kipimo cha DNA kina maana katika hali mbili: umefuata hatua zote na jibu limekuwa la ajabu, au ukurasa wa Hatua ya 1 umejaa mishtuko ya moyo. Katika hali ya pili agiza kupitia daktari, kwa kuwa jeni zitakazotafutwa ni zile za maradhi ya kurithi, na vifurushi vya kuuzwa mtandaoni havizisomi ipasavyo.

Ukipata ripoti, haya ndiyo ya kutazama.

APOE. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kila nakala ni ε2, ε3 au ε4. Ripoti ikitoa herufi tupu, tafuta rs429358 na rs7412, ambayo ni majina ya mahali pawili kwenye DNA. Nakala yenye C kwenye zote mbili ni ε4. Yenye T kisha C ni ε3. Yenye T na T ni ε2.

Simama hapa kabla ya kufungua bahasha. ε4 inahusishwa pia na kupoteza kumbukumbu uzeeni kwa ugonjwa wa Alzheimer. Ukiijua huwezi kuisahau, na unakuwa umewajua kwa sehemu ndugu zako na watoto wako ambao hawakuomba kujuliwa. Zungumzeni nyumbani kwanza.

FADS1 na FADS2. Jeni hizi zipo kwenye kromosomu ya 11. Zinatengeneza vimeng'enya vinavyorefusha na kubadili asidi za mafuta fupi za mimea kuwa ndefu. Herufi G kwenye rs174537 huenda na ubadilishaji wa kasi, na toleo hilo limeenea mno kwa watu wenye asili ya Afrika. Kasi hiyo inahusu omega-3 na omega-6 (asidi za mafuta zilizo nyingi kwenye mafuta ya kupikia) kwa pamoja. Mwenye GG anayekula vyakula vingi vya kukaangwa kwa mafuta ya mahindi, soya au alizeti ya kawaida hutengeneza asidi ya arakidoni (omega-6 ndefu) nyingi zaidi kutokana na omega-6 hiyo. Kwake yeye, kupunguza karai ni sehemu ya tiba sawa na kuongeza vibua. EPA na DHA unazozimeza tayari ni ndefu, hazingoji vimeng'enya hivi. Kwa hiyo FADS peke yake haielezi kwa nini kapsuli hazikufanya kazi.

GJB2. Mahali pale pa utafiti wa 2021 panaitwa rs112803755. Waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Usichukue AA yako ukaitupa kapsuli kwa sababu hiyo tu, ikiwa damu yako mwenyewe imeonyesha kushuka.

Usikisie jeni kwa kabila au rangi ya mtu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha DNA ya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Manda, Faza na Mtwapa. Wengi wao walichanganya asili ya Kiafrika, kwa wingi kutoka upande wa mama, na asili ya Asia, hasa Uajemi, kutoka upande wa baba. Kwenye nyumba moja ya Lamu unaweza kukuta ndugu wa tumbo moja wenye nakala tofauti mahali pale pale kwenye kromosomu, na sura zao hazitakuambia nani ana ipi.

Kuhusu faragha: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu data ya jeni kuwa data nyeti. Kabla ya kutema mate kwenye chupa, uliza kwa maandishi sampuli itapelekwa nchi gani, itahifadhiwa muda gani, na kama unaweza kutaka ifutwe. Asiyekujibu usimpe.

Umefaulu ikiwa matokeo ya DNA yamebadilisha uamuzi mmoja wa wazi: aina ya mafuta, dozi, au miadi na daktari wa moyo. Kama hayakubadilisha lolote, fuata kipimo cha damu.

## Hatua ya 10: Watu wengine wa nyumbani

Kopo moja la familia, kila mtu kapsuli mbili baada ya chajio, ndiyo desturi ninayoiona sana. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki wastani wa nusu tu ya matoleo ya jeni zao. Baba akiwa na ε3 na ε4, na mama ana ε3 mbili, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi ε4. Kaka anaweza kushuka asilimia 30, dada asisogee, na wote wamekula sahani moja.

Aliyefaulu asimgawie ndugu yake dozi yake. Amwonyeshe daftari, na yule aanze na Hatua ya 3: vipimo viwili vya damu kabla ya kapsuli ya kwanza.

Wewe uliyeitikia, pima mafuta ya damu angalau mara moja kwa mwaka, msimu ule ule. Rudi mapema ukianza dawa mpya, ukipata mimba, ukiongezeka uzito, au moyo ukianza kudunda ovyo. Kwa hilo la mwisho acha kapsuli siku hiyo hiyo na uende hospitali ukiwa na kopo mkononi.